Jinsi ya kukagua kinywa cha mgonjwa: kwa wanachuo wa uuguzi na ukunga

Mwambie mwanachuo wa mwaka wa pili apime presha, joto, mapigo na upumuaji, atakufanyia fasta na atakupa na majibu yameandikwa vizuri. Sasa mpe tochi mwambie mwangalie huyu mama kinywani uniambie unaona nini. Hapo sasa. Atasema "meno yapo" au "panaonekana pasafi", basi. Na sio kosa lake sana maana kinywa kwenye masomo kipo ila kinapitwa mbio mbio, kipindi kimoja cha usafi wa kinywa, logibuku inasainiwa, tunaenda mada nyingine.

Shida ni kwamba daktari wa meno haonani na hawa watu. Mjamzito anakuja kliniki kwenu, WHO tangu 2016 inataka ahudhurie angalau mara 8, mtoto analetwa chanjo na kupimwa uzito mwezi baada ya mwezi, mgonjwa wa stroku analala wodini wiki mbili mikononi mwa manesi. Kwa daktari wa meno wanafika siku jino limeshaoza mpaka mzizi na shavu limevimba. Kwa hiyo atakayeona mapema ni wewe, usipoangalia hakuna mwingine wa kuangalia.

Kinywa kizima kikoje

Anza hapa maana ukishajua kizima, kibovu utakijua tu. Fizi nzima ni ngumu, imelishika jino vizuri, ukiigusa haitoi damu. Rangi isikuchanganye, vitabu vingi vinasema pinki lakini sisi wengi fizi zina weusi au ukahawia wa asili, mabaka mabaka, hiyo ni rangi ya mtu tu usiende kuandika ugonjwa kwenye faili. Angalia vitu vingine: uvimbe, kung'aa, damu, usaha, fizi iliyoshuka mpaka mzizi unaonekana.

Meno ya utoto ni 20, ya ukubwani ni 32 ukihesabu na magego ya mwisho. La kwanza mara nyingi linatoka karibu na miezi 6, ya mbele chini, ila kuna mtoto anafika mwaka bado na yuko poa kabisa, usimtishe mama. Yote 20 yanakuwa yametimia karibu miaka 2 na nusu mpaka 3.

Halafu kuna kitu kimoja nataka mkishike kwelikweli. Mtoto akifika kama miaka 6, gego la kwanza la kudumu linatoka NYUMA ya magego ya utoto, halisukumi jino lolote, hakuna kinachong'oka, linajitokezea kimya kimya tu. Wazazi wengi wanadhani na lenyewe ni la utoto, likitoboka wanasema liache litang'oka litaota lingine. Halioti lingine hapo! Ndio maana mtu ana miaka 15 hana gego la chini. Ukiwa zamu ya watoto mtoto wa miaka 6 au 7 hesabu meno kutoka katikati kwenda nyuma, la sita ndilo lenyewe, muoneshe mzazi kwa macho yake.

Ukaguzi wenyewe, dakika mbili tu

Unahitaji tochi (ya simu inafaa, ila usiishike na glovu iliyotoka kinywani halafu uirudishe mfukoni, mnajijua), glovu, spatula na kipande cha gozi. Kama amevaa meno ya bandia avue kwanza, na muulize kwa heshima, wazee wengine hata mke hajawahi kumwona bila meno.

Anzia nje. Uso uko sawa pande zote? Shavu limevimba? Papasa chini ya taya na shingoni kama kuna tezi. Halafu midomo, ndani ya mashavu, fizi za juu na chini nje na ndani, kisha mwambie atoe ulimi, ushike ncha na gozi uuvute taratibu huku na huku uone pembeni, halafu aunyanyue uone chini yake. Pembeni mwa ulimi na chini ya ulimi usiparuke hata siku moja, kansa ya kinywa inapenda sana kukaa hapo, hasa kwa wavuta sigara, watumia ugoro na tumbaku ya kutafuna, na wanywaji. Malizia kaakaa na koo. Meno yenyewe ndo unaangalia mwisho, wengi mnaanza na meno mkiona tundu mnaishia hapo hapo.

Kanuni ya kidonda: kidonda chochote, au baka jeupe au jekundu, limekaa zaidi ya wiki 2 halijapona, rufaa. Haliumi? Rufaa vile vile, tena lisilouma ndo la kuogopa zaidi.

Maswali matatu yanatosha. Kuna jino linakusumbua? Fizi zinatoka damu ukipiga mswaki? Unatafuna pande zote mbili? Hili la tatu ndo langu, mtu atakwambia hana shida yoyote halafu unamuuliza unatafunia wapi anasema "aa mi huwa natumia upande huu tu", ukiangalia ule mwingine unakuta gego limebaki ganda.

Mama mjamzito

Hapa ndo wakunga mna kazi. Homoni za mimba zinafanya fizi iwe na hasira na ukoga, yani ule utando laini unaoshika kwenye meno, ukoga uleule ambao zamani fizi ilikuwa inauvumilia sasa inavimba na kutoka damu. Mama akiona damu anafanya nini? Anaacha kupiga mswaki au anapitisha juu juu. Ukoga unazidi, fizi inazidi, ugaga, yani ukoga ulioganda ukawa mgumu, unajijenga. Kwa hiyo cha kumwambia ni kinyume cha anachofanya: piga mara mbili kwa siku, mswaki laini, pitisha pale jino linapokutana na fizi, damu itapungua ndani ya wiki moja au mbili kama ni ukoga tu. Isipopungua aje aonwe.

Anaweza pia kuota kinyama chekundu kwenye fizi katikati ya meno mawili, kinatoka damu ukikigusa tu. Kinatisha. Mara nyingi sio kansa na mara nyingi kinasinyaa chenyewe akishajifungua, ila apelekwe kwa tabibu wa meno akihakikishe, na asikikate nyumbani na uzi kama wengine wanavyoshauriana kwenye foleni ya kliniki.

Kutapika. Asidi ya tumboni inalainisha ganda la jino, sasa mama akitapika asubuhi anakimbilia mswaki ili aondoe ladha, anasugua jino likiwa laini. Asukutue na maji ya kawaida kwanza, asubiri kama nusu saa ndo apige mswaki. Kama dawa ya meno inamtapisha abadilishe ladha au apige mswaki mida ambayo kichefuchefu kimepoa, ratiba sio msahafu. Na muulize kuhusu udongo, zile pemba za sokoni, najua mnauliza kwa ajili ya damu na minyoo lakini ule mchanga unasaga meno pia.

Sasa maneno ya mtaani ambayo hata wanachuo mnayaamini, nishayasikia wodini kutoka kwa waliovaa yunifomu kabisa:

"Mtoto ananyonya kalsiamu kwenye meno ya mama." Hapana. Jino likishakomaa halitoi kalsiamu kumpa mtoto, mtoto anachukua kwenye chakula cha mama na ikipungua kwenye mifupa ya mama. Meno ya mjamzito yanaharibika kwa ukoga, kutapika, na kula vitu vitamu kidogo kidogo kutwa nzima.

"Mjamzito hang'olewi jino." Anang'olewa. Matibabu ya meno ni salama wakati wa mimba, sindano ya ganzi ya lidokeini ni salama, miezi ya kati ndo ana raha zaidi ya kukaa kwenye kiti, lakini jino lenye usaha halisubiri trimesta, usaha ni hatari kuliko ganzi. Kitu cha kukumbuka ni ulalaji: mimba ikiwa kubwa asilazwe chali flati, mto uwekwe chini ya nyonga ya kulia aegemee kushoto, la sivyo presha inashuka anaanza kuona giza. Hilo mkunga analijua kuliko tabibu wa meno, ukimsindikiza mama wako mkumbushe.

Dawa: maumivu apewe parasetamo. Diklofenaki na aibuprofeni asinunue duka la dawa kiholela, na kuanzia wiki 20 ni za kuepuka kabisa labda daktari aamue. Tetrasaiklini na doksi hapana, zinaingia kwenye meno ya mtoto yanayojijenga yanatoka na rangi. Ugonjwa mkubwa wa fizi umeonekana unaenda pamoja na kuzaa kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo, ila kusema kwamba ukisafisha fizi basi umezuia njiti, hilo ushahidi wake haujasimama, kwa hiyo usimtie mama hofu ya kwamba damu ya fizi itaua mtoto. Mwambie tu fizi inatibika, aitibu.

Meno ya plastiki, hapa tuongee taratibu

Kwetu Tanzania hii imani ipo tangu miaka ya 80, wengine wanaita meno ya nailoni, Uganda nako ipo kwa jina lao. Mtoto wa miezi kadhaa anaharisha, ana homa, halali, bibi anafungua kinywa anaona vitu vyeupe vimevimba chini ya fizi usawa wa chonge, wanasema ndio hayo. Anapelekwa kwa fundi, anachimbuliwa na kisu au spoku ya baiskeli au kucha. Kile kinachotolewa ni chonge la utoto ambalo bado halijakomaa, na kichipukizi cha chonge la ukubwani kilicho jirani kinaumia pia. Mtoto anapoteza damu, anapata maambukizi, pepopunda, vifaa hivyo hivyo vimepita kwa watoto wangapi. Wapo wanaokufa. Na ule ugonjwa uliomleta, kuharisha au malaria au nimonia, uko palepale haujaguswa.

Kosa kubwa la wanachuo ni kumcheka bibi au kumfokea mama. Ukifanya hivyo umemaliza, wataitikia "sawa nesi" na jioni wanaenda kwa fundi. Kaa nao. Inaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu. Huyu mtoto ana meno ya plastiki, tumempeleka hospitali dawa hazisaidii."
"Pole bibi. Nioneshe ulipoyaona."
"Haya hapa, si unaona yalivyo meupe?"
"Nayaona bibi, ni kweli kuna vitu vyeupe, hujakosea. Hayo ni machonge yanajiandaa kutoka, hata huyu wa kitanda cha pili ambaye haumwi anayo, ukitaka tumuombe mama yake tuangalie."

Hiyo ya kwenda kuangalia mtoto mzima ndo dawa, nawaambia. Bibi akiona kwa mtoto asiyeumwa kitu kile kile, mjadala unabadilika wenyewe. Baada ya hapo unashughulikia kinachomuuma kweli: upungufu wa maji, ORS na zinki, kipimo cha malaria, hesabu upumuaji. Na usiondoke bila kuwaambia mtoto akizidiwa usiku waje wapi.

Kuna watoto wanaozaliwa na jino kweli, wachache sana, hilo ni jambo jingine. Jino likiwa linalegalega linaweza kung'oka akalivuta kooni, au likamkata ulimi au kumuumiza mama wakati wa kunyonyesha, hapo apelekwe kwa daktari wa meno sio kwa fundi.

Mengine ya mtoto haraka haraka. Kabla ya meno unafuta fizi na kitambaa safi chenye maji. Jino la kwanza likitoka na mswaki unaanza siku hiyo hiyo, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele mpaka miaka 3, kisha kiasi cha njegere mpaka 6, na mzazi ndo anapiga mswaki mpaka mtoto afike kama miaka 7, sio kumpa ajichezee nao. Asilale na chupa ya maziwa au juisi kinywani. Asali kwenye fizi hapana, na chini ya mwaka mmoja asali hapana kabisa kwa njia yoyote. Sirapu za dawa zina sukari nyingi, akinywa ya usiku apewe maji baada yake.

Mgonjwa asiyejitambua

Hiki mnafundishwa ila nimeona kinavyofanywa wodini: gozi moja, mzunguko mmoja, imeisha. Mate yaliyokaa siku mbili kwenye kinywa kikavu yamejaa bakteria na yanateremka mapafuni, nimonia ya wodini nyingi inaanzia hapo. Mswaki halisi unafanya kazi kuliko gozi, omba ndugu walete mdogo laini wa mtoto.

Mlaze ubavu, kichwa kimeinamia upande, taulo kifuani, risiva chini ya kidevu, mashine ya kufyonza iko tayari na umeijaribu KABLA hujaanza sio katikati. Mwambie unachofanya hata kama hajibu. Usitie kidole katikati ya meno yake, tumia spatula iliyofungwa gozi, mgonjwa anaweza kubana taya ghafla. Loanisha mswaki na maji au saline, usimwage maji kinywani, piga nje, ndani, juu ya meno, kisha ulimi kutoka nyuma kuja mbele, huku unafyonza. Zile pamba za glisirini na limao wengine bado wanazipenda, zinazidi kukausha kinywa, achaneni nazo. Midomo paka mafuta, akiwa kwenye oksijeni tumia ya asili ya maji. Mswaki mara mbili kwa siku na kulowanisha kila baada ya saa mbili mpaka nne, na andika ulichoona. Mwenye mpira wa kupumulia usimfanye peke yako, mmoja ashike mpira.

Anayekwenda theatre: meno ya bandia yatoke, na jino linalolegea liripotiwe kwa mtu wa nusu kaputi, hili likisahaulika linaishia kwenye mapafu.

Vya kukamata kwa jicho popote

Utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu ni fangasi. Kwa kichanga ni kawaida na nistatini inamaliza, ila cheki na chuchu za mama. Kwa mtu mzima asiyetumia antibayotiki wala dawa ya pumu ya kuvuta, mshauri kipimo cha VVU, na baka la zambarau kwenye kaakaa hivyo hivyo. Wa kifafa anayetumia fenitoini na wa presha anayetumia nifedipini fizi zinaweza kukua zikafunika meno, usimwambie ni mchafu tu, angalia dawa zake na asiziache mwenyewe. Mgonjwa wa kisukari mwenye fizi zenye usaha, sukari haishuki vizuri, tibuni vyote viwili.

Mtoto wa kati ya miaka 2 na 6 mwenye utapiamlo, katoka kuugua surua au malaria, fizi inavimba, damu, harufu kali mno: fikiria ugonjwa unaoitwa noma. WHO iliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele Desemba 2023. Ikiwahiwa antibayotiki, usafi wa kinywa na chakula vinaokoa, ikichelewa siku chache tu shavu linaliwa.

Uvimbe chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umenyanyuka, mate yanamtoka hamezi, sauti imebadilika: huyo anaweza kuziba njia ya hewa leo leo. Akae wima, usimlaze, ita daktari.

Jino la ukubwani likipigwa likang'oka zima, lishikwe kwenye kichwa chake sio mzizi, lisuuzwe kidogo bila kusugua, lirudishwe kwenye tundu lake au liwekwe kwenye maziwa, akimbizwe ndani ya saa moja. La utoto halirudishwi.

Kwa waliopangiwa Arusha, Meru na Kilimanjaro, meno ya kahawia yenye vitobo kwa vijana wengi ni floraidi iliyozidi kwenye maji, wala sio uchafu wala ukoo. WHO inaweka mwisho miligramu 1.5 kwa lita na huko kuna visima vinapita mbali. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaongeza, waambie wamama wenye watoto wadogo, kuchemsha maji hakuitoi.

Rufaa iandikwe iwe rufaa

"Anaumwa jino, tafadhali msaidie" haimsaidii mtu. Andika hivi: mjamzito wiki 22, gego la chini kushoto limetoboka, shavu limevimba siku 3, joto 38.4, kinywa kinafunguka vidole viwili, anameza, hana mzio wa dawa, amepewa parasetamo gramu 1 saa 3 asubuhi. Tabibu wa meno akisoma hiyo anajua huyu anaingia kabla ya foleni. Na kwenye kadi ya kliniki andika tarehe uliyomtuma, ili hudhurio lijalo atakayekuwa zamu amuulize kama alienda, maana nauli ikikosekana mama harudi kusema.